Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu ile baa yetu ya Majengo

Nimekaa kaunta pale miaka kumi na moja, toka 2009 mpaka 2020, na hata baada ya kuacha kazi niliendelea kwenda kama mteja. Tangu ifungwe sipiti sokoni, siendi kunyoa, siendi hata msibani bila mtu kunivuta pembeni na kuniuliza mambo yaleyale. Basi nimeyaandika yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii na sijibu zaidi. Jina la baa silitaji manake familia bado wana mambo yao na watu wanaowadai, ila kama umewahi kunywa bia Mtwara kabla ya gesi unaijua, ile ya kwenye mti wa mkungu.

Imefungwa kweli au wanakarabati?

Imefungwa. Yale mabati mliyoyaona yamezungushwa ni ya mpangaji mpya, anaweka duka la spea na matairi ya malori. Biashara ya mjini sasa hivi ni malori bana, tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kusafirishwa kwenye bandari yetu mwishoni mwa 2021 kila mwenye uwanja anataka kuwauzia wale madereva kitu, tairi, oili, chipsi. Siwalaumu. Tairi halinywi kwa mkopo.

Ilianza mwaka gani?

Tarehe kamili nimeitafuta nikakata tamaa. Marehemu Mzee mwenye baa alikuwa akiulizwa anajibu "zamani" anaendelea kufuta meza. Anachosimulia kila mtu ni kwamba alikuwa kibarua bandarini, akaanza na meza mbili na bia za kwenye ndoo ya maji nyuma ya nyumba yake. Mjue mji wetu huu wenyewe ni mchanga ukilinganisha na Mikindani hapo jirani, umepangwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa 1951, wakatuachia bandari yenye kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea ambayo nayo iling'olewa miaka ya sitini mwanzoni. Jina la Railway mjini lipo, reli yenyewe hata msumari huuoni. Kwahiyo Mzee alikuwa anauza bia kwenye mji ambao umeshazoea wageni wanaokuja na mipango mikubwa halafu wanaondoka. Hili likumbukeni, nitalirudia huko chini.

Mbona ilikuwa baa ya kawaida tu, kwanini mnaililia hivyo?

Anayeuliza hivi aliingia pale baada ya 2013. Wewe uliona masofa. Hujaona baa.

Baa yenyewe ilikuwa nje. Katikati ya uwanja kulikuwa na mkungu mkubwa, kivuli chake kuanzia saa tisa mchana kinafunika meza saba, na chini yake kuna bao la kete na drafti iliyochorwa kwenye ubao wa kreti, kete zenyewe vizibo, Safari dhidi ya Kilimanjaro. Viti vya mbao vizito, ukitaka kupigana na mtu usingeweza kukinyanyua, nafikiri Mzee aliviagiza hivyo makusudi. Ndani kulikuwa na kaunta, stoo, na friji mbili ambazo moja ilikuwa inaganda na nyingine inatoa jasho tu, kwahiyo mteja akisema "baridi" nachukua kulia, akisema "moto" nachukua kushoto, na wazee wengi walikuwa watu wa kushoto, eti baridi inaua ladha. Ukweli ni kwamba walizoea toka enzi za shida za miaka ya themanini ambapo ukiiona bia unainywa ilivyo.

Afu chakula. Jioni Mama, mke wa Mzee, alikuwa anaweka sufuria ya supu ya pweza karibu na mlango, kikombe kimoja kimoja. Wamama wa nje walikuwa wanaruhusiwa kuingia na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwenye beseni, vijana na korosho za kukaanga, na hakuna aliyewatoza hata senti. Nenda baa za siku hizi ukajaribu kuingia na beseni lako. Mtu anakuja na elfu tano, anakula, anakunywa mbili, anamcheka mwenzake kwenye drafti, anarudi kwake Chikongola kwa miguu.

Na ilijua mji iliomo. Wengi hapa ni Waislamu na majirani zetu wote walikuwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani Mzee alikuwa anashusha pazia la turubai upande wa barabarani, redio anazima kabisa, na anafungua baada ya futari tu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Siku ya Idi jirani wa kushoto analeta sinia la pilau kwa wafanyakazi. Mimi nimelila hilo pilau miaka minne mfululizo, baada ya hapo halikuja tena, na sababu yake nayo nitaisema.

Si ni korosho ya 2018 ndiyo iliyoiua?

Hili ndilo swali kubwa na hapa nitabishana na mtaa mzima.

Najua kilichotokea manake nilikuwa naandika madeni mimi. Misimu miwili nyuma yake korosho ilikuwa imepanda mpaka inavuka shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakanunua pikipiki na mabati na wengine wakasimulia kwamba wameona mtu akinawa miguu kwa bia, mengine ni chumvi ila bia zilinyweka kweli. Halafu Oktoba 2018 wanunuzi wakaja mnadani na bei za chini, wakulima wakagoma, Novemba Rais Magufuli akasema serikali itanunua yenyewe kwa 3,300 na jeshi likaja na malori yake kubeba. Bei ikawa nzuri kwenye karatasi. Hela sasa. Kuna waliohakikiwa wakalipwa mapema, kuna walioambiwa wewe ni kangomba, yaani mlanguzi wa korosho, na kuna waliosubiri mwaka uliofuata unaingia na wao bado wanasubiri. Daftari langu la kipindi hicho kila mstari umeandikwa "korosho", yaani atalipa ikitoka hela ya korosho. Nilimaliza daftari zima la kurasa mia moja, nikafungua la pili.

Kwahiyo ndio, iliumiza. Ila nijibuni hili: 2024 bei imerudi, minada ya Oktoba ikavuka 4,000 tena, hela ikaingia kwenye simu za watu, na baa ikafungwa Novemba hiyohiyo katikati ya msimu! Kama ugonjwa ulikuwa korosho mbona dawa ilipofika mgonjwa akafa? Hela ilikuwepo mjini. Haikuja kwetu tu. Na haikuja kwasababu waliokuwa wanakuja walishafukuzwa zamani, tuliwafukuza wenyewe.

Sasa wewe unasema ni nini?

Gesi. Na simaanishi gesi kuondoka, namaanisha gesi kuja.

Wengine mlikuwa wadogo. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa toka 1982 ikakaa tu huko, haikumbadilishia mtu maisha kwenye baa. Kilichobadilisha ni kuanzia 2010 walipoanza kupata gesi nyingi kule bahari kuu. Meli za kazi zikawa zinapaki bandarini kwetu, wazungu wakajaa Shangani, nyumba ya laki mbili ikawa inaulizwa kwa dola, kiwanja ambacho mtu alikuwa anapanda muhogo akaja mtu toka Dar na begi. Kila mtu mjini alikuwa na shemeji anayemjua mtu wa kampuni. Tukaambiwa tutakuwa Dubai, na sisi tukaamini, mimi mwenyewe nilianza kozi ya Kiingereza ya jioni nikaishia wiki ya tatu.

Mzee alikuwa ameshafariki 2011, baa ikawa ya kijana wake mkubwa. Kijana mzuri tu, simsemi vibaya, mkarimu kuliko hata baba yake, ila alitazama ule uwanja akaona parking. Akachukua mkopo, taasisi yenyewe siitaji, dhamana ikawa hati ya kiwanja. Akapiga jipsamu, akaweka tailizi, masofa mekundu, taa za rangi, tivi nne na spika kubwa mbili za kuelekea barabarani. Viti vya mbao vikaenda nyuma. Beseni la ming'oko likapigwa marufuku kwasababu maganda yanachafua tailizi.

Na mkungu ukakatwa ili Land Cruiser zipate pa kugeuzia.

Ilikuwa asubuhi, siku mbili za msumeno. Wazee wa drafti walikuja saa tisa kama kawaida wakakuta jua. Walisimama wakaangalia, mmoja akaniuliza "sasa sisi?", nikamwambia mzee wangu ndani kuna kiyoyozi. Akasema sawa, hakuingia. Kwenye hiyo miaka yote nimeshuhudia ngumi, nimeshuhudia mtu anafumaniwa, ila kinachonijia nikilala ni huyo mzee na ubao wake wa drafti kwapani anavuka barabara.

Kwani hao watu wa gesi hawakuja?

Walikuja. Wachache, mara chache, na hawakukaa. Kazi zao zilikuwa za kuingia na kutoka, akimaliza wiki zake baharini anapanda ndege anaenda kwao, akibaki usiku mmoja anakunywa hotelini alipolala huko Shangani ufukweni. Tuliopata ni madereva wao na vijana wa ulinzi, nao walikunywa soda manake wako kazini. Miezi kama minane hivi mambo yalikuwa mazuri kwelikweli, sikatai, watu wa viwanja na madalali walijaa, ofa zinazunguka mpaka nachanganya bili. Bei tukapandisha, bia ya mteja wa zamani ikamshinda mteja wa zamani.

Spika zikaelekezwa barabarani mpaka usiku mkubwa. Hapo ndipo sinia la pilau lilipokoma.

Vurugu za 2013 je?

Zile za Januari hazikutugusa sana. Za Mei ndiyo, siku ileile inasomwa bajeti ya wizara ya nishati bungeni mji ukalipuka, "gesi haitoki", yaani isipelekwe Dar kwa bomba, matairi yanachomwa, mabomu ya machozi, wanajeshi wakaja, maduka yote yamefungwa. Tulifunga siku kadhaa na tukachelewa sana kurudi kwenye kufunga usiku kama zamani, manake nani anatembea usiku mji una askari kila kona. Wengi wanasema hapo ndipo baa ilipovunjika mgongo, mimi nasema ilipata homa tu. Mkopo ndio uliokuwa unatafuna, mkopo haujui kama leo kuna vurugu.

Mwaka uliofuata mafuta yakashuka bei dunia nzima, makampuni yakapunguza kazi, meli zikaondoka moja moja. Bomba la kwenda Dar likazinduliwa Oktoba 2015. Gesi inasafishwa hapo Madimba, inakwenda zake zaidi ya kilomita 500, na sisi huku tuna baa yenye tivi nne na jenereta.

Hapohapo likafunguka na lile jengo la Dangote la saruji, tukasema sasa hawa ndio wenyewe. Msijute kilipo kiwanda ni mbali na Majengo ndugu zangu. Mtu akitoka zamu anakunywa njiani.

Suala la umeme na gharama lilikuwa kubwa kiasi gani?

Hesabu yenyewe ni hii. Kwenye chupa moja ya bia sisi tulibaki na kama mia tatu hivi, ikizidi mia nne. Umeme ukikatika jioni, na kuna kipindi 2017 huku kusini ulikuwa unakatika kama mchezo, lazima uwashe jenereta manake ulishaziba madirisha ukaweka viyoyozi, bila umeme mule ndani ni tanuri. Petroli ilipovuka 3,000 mwaka 2022 lita moja ikawa ni faida ya chupa kumi. Zamani umeme ukikatika tulikuwa tunawasha chemli tatu tunazitundika kwenye mkungu na watu wanakunywa zaidi.

Leseni ya vileo, bwana afya, zimamoto, mashine ya risiti, mambo ya kulipia muziki, hizo zote zilikuwepo na kila baa inalipa. Zinauma, haziui.

Vijana hawanywi tena baa, si ndiyo sababu?

Kidogo. Viroba vilishapigwa marufuku Machi 2017 tukadhani watarudi, kumbe walihamia kwenye vichupa vidogo vya groseri, ananunua anakaa kwenye pikipiki yake. Na msimu wa mabibo kuna uraka, pombe ya hayohayo mabibo, huwezi kushindana na kitu ambacho mtu anatengenezewa na bibi yake. Lakini uraka upo toka zamani na tuliishi nao vizuri. Mzee alikuwa anasema mwenye kunywa uraka Jumatatu atataka chupa Jumamosi.

Na wateja wa Msumbiji?

Walikuwepo, wafanyabiashara wa kuvukia Kilambo, watu wa samaki na vitenge, wanapenda sana muziki wa dansi na wanalipa taslimu. Tangu fujo za Cabo Delgado zianze Oktoba 2017 wakapungua mpaka wakaisha. Hilo halikuwa kosa la mtu wa hapa.

Siku za Ndanda zilikuwaje?

Asante kwa kuuliza kitu cha furaha. Ndanda ilipopanda ligi kuu msimu wa 2014/15 tulipata kama uhai wa pili, Simba au Yanga wakija uwanja wa Nangwanda Sijaona basi toka asubuhi mji umejaa watu wa Masasi, Newala, Tandahimba mpaka Lindi, na wote lazima wale na wanywe mahali. Siku moja tuliishiwa bia saa kumi na mbili jioni, tukaishiwa soda, tukaishiwa maji, mtu akaniambia niuzie basi hata hayo ya kuoshea glasi. Ilidumu misimu sita, 2020 wakashuka daraja. Mwaka huohuo mimi nikaacha kazi manake mshahara ulikuwa unakuja kwa mafungu.

Mbona wateja hamkuchangishana mkaiokoa?

Tulijaribu mwaka huohuo wa mwisho. Mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilikata barabara ya Dar huko Somanga, malori ya bia yakakwama, tukakaa bila mzigo, na kijana akasema wazi kwamba sasa basi. Watu kama thelathini tukakaa kikao palepale. Kikao kizuri, maneno mazito, kila mtu ana kumbukumbu yake. Ilipofika kuandika ahadi, mmoja akasema turudishe kwanza viti vya mbao, mwingine akasema spika ziuzwe, mwingine akasema tupande mkungu mwingine. Mkungu! Wakati benki inataka hela mwisho wa mwezi. Kilichopatikana kililipa umeme na mlinzi. Na niseme ukweli hata kama nitachukiwa, nusu ya waliolia siku ile majina yao yapo kwenye daftari.

Siku ya mwisho ilikuwaje?

Jumapili. Hakukuwa na tangazo. Mama alikuja, siku hizi anatembea kwa fimbo, akasema anataka kupika supu ya pweza na akapika. Bia zilizobaki zilikuwa kreti tatu na nusu, hazikuuzwa, zilizungushwa tu. Spika hazikuwashwa, kuna mtu aliweka dansi la zamani kwenye simu ndani ya glasi ili sauti itoke. Tukakaa nje, kwenye parking, pale kisiki kilipo. Kisiki hawakukitoa kumbe, walikimwagia zege juu na mizizi ikaipasua.

Jirani wa kushoto alitoka akatusalimia, akakaa kama dakika kumi na soda.

Vitu vilikwenda wapi?

Friji moja iko groseri ya Ligula. Tivi ziliuzwa kabla. Masofa yamenunuliwa na saluni. Viti vya mbao mnavyoviulizia sana vilikaa nyuma miaka kumi na moja vikiliwa na mchwa, vilivyopona ni vitano, viwili anavyo Mama barazani kwake, vitatu sijui na nisingependa kujua manake vilibebwa usiku. Kreti za chupa tupu zilirudishwa kwa wakala. Kama una chupa zetu nyumbani peleka popote, chupa ni chupa.

Sasa wazee wanakaa wapi?

Waliobaki ni wanne. Wapo nyuma ya fundi baiskeli mmoja, chini ya mwarobaini, hakuna bia pale, kuna kahawa na kashata. Drafti ni ileile. Vizibo vya Safari vimepungua, vingine wameweka vya maji.

Daftari la madeni liko kwa nani, na mimi nilikuwa nadai chenji yangu?

Madaftari yako kwangu, yote mawili. Oktoba ile korosho ilipolipa kuna baba alitoka Newala kabisa akaja na elfu kumi na nne, anasema ni ya 2019, nimtafutie jina lake nilifute. Nilimtafuta nikamfuta, hela nikamtumia Mama kwenye simu. Wengine mnanijua ninapokaa.

Wa chenji, nakukumbuka, ulikuwa unadai elfu moja mia tano. Na mimi nadai mishahara miwili. Tupange foleni, mimi ni wa kwanza.